Tupokigwe, Babu Yako Hakurudi Ukumbini

Ndiyo, ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Tupokigwe. Tunawajibu hivyo wote wanaotusimamisha njiani, maana hakuna anayepita hapa Mbebe bila kuuliza, "Mzee Sadock, hivi yule mjukuu wako wa gitaa ana muda gani tangu aondoke?" Babu yako anawaambia, mwaka. Wapo wanaosema mbona kama juzi. Wapo wanaosema mbona kama zamani. Babu yako anaona wote wamesema kweli, inategemea siku. Jumatatu ni juzi. Jumapili ni zamani sana.

Jumapili ni kwa sababu ya simu. Si unajua huku kwetu mtandao unashika pale juu tu, nyuma ya shule. Ukitoka ibadani kule Tunduma ulikuwa unapiga, na babu yako alikuwa ameshapanda zamani, amesimama na fimbo yake, simu ameishika kama mtu aliyeshika yai. Mnaongea mvua, mnaongea maharage, unamuuliza goti. Sasa bado anapanda. Hajui anapanda kufanya nini. Anasimama kidogo, anaangalia chaji, anashuka.

Ulizaliwa hapa hapa, mtoto wa kwanza wa mama yako Getruda. Baba yako hatumsemi vibaya. Alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko. Mama yako akashuka Tunduma kuuza mchele na maharage, wewe ukabaki na sisi wazee wawili, babu yako na bibi yako Alinanuswe. Ulikuwa mtoto wa kuuliza. Mdomo umejaa kiazi, unauliza.

Sasa bibi yako, anayemjua anamjua, ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo za kupalilia. Siku ya kualikana shambani, watu thelathini na majembe, kila mmoja na ngwe yake, kipande alichopimiwa kulima, sauti inatoka kwake. Akiimba polepole, majembe yanakwenda polepole. Akitaka watu waamke, anaongeza. Alikuwa anamtania mvivu ndani ya wimbo mpaka mvivu anamaliza ngwe kabla ya wenzake kwa aibu. Wewe unamfuata nyuma na kajembe ka mpini mfupi, hulimi kitu, unaitikia tu. Mama yako mdogo Nesta alikuwa anasema, "Huyu mtoto mpeni ugali wa mdomo peke yake, mikono haijafanya kazi."

Na kuna ule wimbo wa kumalizia. Tuueleze, maana wengine wanaosoma hapa ni watu wa mjini. Ule wimbo una beti nyingi, lakini ubeti wa karibu na mwisho unasema hivi: mwenye shamba, jua limesimama, migongo yetu inakuuliza. Akifika hapo bibi yako haendelei. Anaurudia huo huo. Kwa sababu ubeti wa mwisho ndio unaowaambia watu waweke majembe wakale, na huwezi kumwambia mtu akale wakati kande haijaiva. Kwa hiyo hapo ni kazi ya mwenye shamba, yaani babu yako. Anaweka jembe, anakwenda jikoni kuangalia chungu. Akikuta tayari, anarudi pale watu wanapomwona, anainua kofia. Kofia ikipanda, bibi yako anaimba ule wa mwisho, majembe yanalala chini yote. Kofia isipopanda, basi chungu bado, au mwenye shamba amepita kwenye ngwe akakuta magugu, rudieni kazi.

Babu yako alifanya hivyo miaka arobaini na moja. Arobaini na moja, jamani. Mtu anasahau jina la mchungaji lakini hiyo haisahau.

Ukaingia kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya akasema sauti unayo lakini haitulii kwenye mstari, unaongeza vitu ambavyo havipo kwenye kitabu. Mkaenda kuimba Mbozi Mission. Kwaya imemaliza, watu wameshaanza kukaa, wewe bado unaitikia peke yako. Walicheka sana. Uliporudi babu yako alidhani utalia. Ukamwambia, "Babu, nyimbo zao zinaisha watu wakiwa bado na nguvu."

Ulipofika miaka kumi na nane ukamfuata mama yako Tunduma. Huko ndiko muziki wako ulikoanzia, na hakuna studio wala jukwaa lililouanzisha. Uliuanzisha kwenye foleni ya malori. Madereva wamelala pale siku tatu, siku nne, wanasubiri kuvuka, hawana la kufanya, wanapika chai chini ya matela. Wewe unapita na beseni la karanga, unaimba nyimbo za bibi yako. Dereva mmoja mzee wa Kitwe alikuwa na gitaa lenye nyuzi nne. Akakuonyesha vidole vikae wapi. Foleni ilipotembea akakuachia lile gitaa, akasema likivuka naye litalia. Hukumwona tena yule mzee. Ulikuwa unamtaja kila ukipanda jukwaani, na sisi tunamtaja hapa, popote alipo, natotela sana, asante kwa Kibemba chake.

Wimbo wako wa kwanza mwenyewe ukautunga pale pale, "Lori Limelala." Madereva wakaurekodi kwenye simu zao, wakaubeba. Ukasikika Nakonde, ukasikika Lusaka, ukasikika mpaka Lubumbashi kabla redio ya hapa haijakujua. Mama yako alikuwa anasema, "Mwanangu amefika Kongo na pasipoti hana."

Baadaye redio nazo zikaja. Mtangazaji mmoja akakuuliza, "Dada, unapiga muziki gani huu, ni Bongo Fleva au ni nyimbo za asili?" Ukamjibu, "Napiga muziki wa kupalilia." Akacheka akidhani utani. Ulirekodi santuri mbili, moja Mbeya na moja Tunduma kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Ulipiga Iringa, ulipiga Songea, Dar es Salaam ulikwenda mara moja ukarudi na mafua. Ulituambia kule watu wanapiga makofi kabla wimbo haujafika. Pembeni yako siku zote alikuwa Amoni, mpiga ngoma wako, kijana wa Kinamwanga kutoka Momba, asiyependa maneno mengi. Mlikuwa mnafaa hivyo, wewe una maneno ya watu wawili.

Ulikuwa na tabia zako. Huli mpaka umejua nani amepika. Ukifika nyumbani unavua viatu, unakwenda kwanza bandani kumwangalia ng'ombe, sisi watu baadaye. Watoto wa hapa uliwafundisha kupiga vijiko. Tulikuwa tunakugombeza, kelele gani hizi. Sasa vijiko vimetulia, na tunaona bora kelele.

Bibi yako Alinanuswe akafariki. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeuimba ule wimbo wake wa kumalizia. Watu wakialikana shambani wanamaliza tu, mmoja anasema haya basi, wanaondoka.

Halafu ukaja Mbebe na gitaa, ukakaa na babu yako pale kwenye kibaraza, ukamwambia unataka kuutoa ule wimbo. Ulikuwa unataka santuri ya tatu ipewe jina lake, "Ngwe ya Alinanuswe."

Babu yako akasema, "Huo si wimbo wa watu waliokaa kwenye viti. Ni wimbo wa watu wenye majembe."

Ukamwambia, "Babu, watu wa siku hizi wamekaa. Nitawapatia wapi wakiwa wameinama?"

"Na chungu utawapikia wewe?"

"Nitapika, Babu. Watu mia mbili, kande, nikuletee sufuria la shule."

Mlicheka. Lakini babu yako hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Ukamwambia utauimba kwanza pale ukumbini Mlowo, aje asikie mwenyewe, akipenda utaurekodi.

Ilikuwa mwezi wa nne, Jumamosi, mchana. Mjomba wako Clever, anayenunua kahawa pale Mlowo, alikuja kumchukua babu yako, akamkalisha mbele kabisa. Babu yako alikuwa na koti la harusi yake na kofia yake. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Ukaimba zako za kawaida, watu wakaruka. Halafu ukasema sasa natoa wimbo wa bibi yangu, na ukautoa.

Tupokigwe, ilikuwa ni yeye. Si kwamba ulimwiga. Ile sauti ilitoka pale pale ilipokuwa inatoka yake. Babu yako alifumba macho. Hakuona ukumbi tena, aliona migongo. Ukafika kwenye ule ubeti, mwenye shamba, jua limesimama, na miguu ya babu yako ikanyanyuka. Hakuituma. Ilinyanyuka yenyewe, kama ilivyonyanyuka miaka arobaini na moja, akavua kofia, akaupita mstari wote wa watu, akatoka mlangoni kwenda kuangalia chungu.

Akajikuta kwenye lami.

Malori yanapita kuelekea Tunduma. Mama mmoja anachoma mahindi. Babu yako amesimama pale na kofia mkononi, anatafuta moshi wa jiko, na jiko hakuna, na aliyekuwa anaimba amemzika yeye mwenyewe. Yule mama wa mahindi akamuuliza, "Mzee, umepotea?" Akamwambia hapana. Alikuwa amepotea.

Ndani bado anakusikia. Unarudia ule ubeti, unarudia, unarudia. Mlango ulikuwa hatua kumi na tano, alizihesabu. Lakini alikuwa ameshapita mbele ya watu mia mbili katikati ya wimbo wa mjukuu wake, sasa arudi aseme nini? Aseme alikwenda kuangalia chungu? Mlowo mjini? Aliona haya. Akakaa kwenye gogo la yule mama mpaka wimbo ukanyamaza, na ulinyamaza bila kumalizika. Clever alipotoka kumtafuta, akamwambia kichwa kinauma, nirudishe nyumbani.

Jumapili iliyofuata ulipiga simu. Ukauliza goti. Babu yako akasema goti zuri. Ukauliza mvua. Na yeye akakuuliza Tunduma kuna joto? Mliongea hivyo Jumapili zote za miezi kumi na minne. Hakuna aliyeitaja Mlowo. Babu yako alikuwa anajiambia, leo nitamwambia, akifika pale juu anakuta watoto wa shule wanachungulia, anasema acha Jumapili ijayo.

Santuri ya tatu haikutoka. Redio zilikuomba ule wimbo uliousema, ukawaambia haupo.

Ugonjwa wako ulikuwa mfupi, wiki tatu. Mama yako ndiye aliyekuwa nawe Mbeya, kitandani, mchana na usiku. Ndiye uliyemwambia neno lile. Tulikuzika hapa, karibu na bibi yako, watu walijaa mpaka kwenye migomba, madereva walikuja na matawi kwenye vioo vya malori. Watu walipoondoka, mama yako akamfuata babu yako pale alipokaa, akamwambia, "Baba, mwanangu aliniambia nikwambie, ule wimbo aliuacha. Ameondoka anajua ulimkataa mbele za watu."

Babu yako hakujieleza. Nani atamwamini mzee anayesema miguu ilinyanyuka yenyewe?

Tangu siku hiyo mama yako hajala na babu yako. Anakuja kila mwezi, hilo tuseme kweli, hajamtupa. Anafagia, anapika, anamwekea sahani yake mezani, anafunika vizuri. Halafu yeye anakwenda kula jikoni. Babu yako anakaa na sahani. Anasikia kijiko cha mwanawe upande wa pili wa ukuta. Anamaliza, anasema asante mama, na ukuta unasema karibu. Mwaka mzima hivyo. Nyumba ina watu wawili na kila mmoja anakula peke yake.

Babu yako alikuwa na kitu kimoja cha kujifariji. Alijiambia, mtoto hakuelewa. Angejua kwamba ni chungu, asingeumia. Ni bahati mbaya tu, hakuelewa.

Sasa tueleze siku ya kumbukumbu yako, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, maana ndipo ilipotokea.

Baridi ilikuwa kali, unaijua baridi yetu ya Juni. Watu walianza kuja asubuhi. Mwinjilisti akafanya maombi pale kaburini, tukaweka maua, tukarudi uani. Saa saba chakula kikawa tayari, wali, maharage, mbuzi, ndizi. Masufuria yako nje, mikeka imetandikwa, maji ya kunawa yamewekwa. Lakini kwetu hapa watu hawakai kula chakula cha kumbukumbu kabla mama wa marehemu hajakaa. Na mama yako hakutoka jikoni.

"Jamani kaeni," alisema mama yako mdogo Nesta. "Au mnataka wali uwafuate?"

"Tutakaaje mama mtu hajakaa?" alisema mzee Emanueli, jirani yetu, ambaye alikuwa anayaangalia masufuria tangu kwenye maombi.

Nesta akapaza sauti kuelekea jikoni. "Dada! Toka, mzee Emanueli anataka kuzimia hapa!"

"Mimi nakula huku huku," mama yako akajibu kutoka ndani. "Nyie kaeni."

"Haiwezekani, mama," alisema mzee Emanueli. "Njaa ninayo, lakini na adabu ninayo."

"Adabu yako leo tumeiona mara ya kwanza," Nesta akamwambia, watu wakacheka kidogo. Wamesimama. Watu hamsini wamesimama na njaa, wanaangalia mlango wa jiko, na kila mmoja anajua kwa nini mama mtu hatoki. Babu yako akasogea mpaka kwenye uzio, akajifanya anaangalia barabara.

Hapo ndipo Amoni wako alipomfuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Amoni. Umekonda."

"Ni kazi, babu." Akachokonoa uzio kwa kidole. Halafu akasema, "Babu, kuna neno nimekaa nalo. Nilidhani unalijua. Leo nikiwaangalia mlivyo hapa, naona kama hulijui."

"Sema."

"Siku ile Mlowo. Ulipotoka, Tupo hakushtuka. Alicheka. Akaniinamia akasema, Babu kaenda kuangalia chungu, tumsubiri."

Babu yako akashika uzio.

"Ndiyo maana tulirudia ule ubeti," Amoni akasema. "Mara nane, babu, mikono inaniuma. Namwonyesha kwa macho tumalize, anatikisa kichwa. Kofia bado, ananiambia. Alikuwa anaangalia mlango tu. Watu walidhani ndiyo staili."

"Halafu?"

"Halafu hukurudi. Akaweka gitaa chini. Nyuma ya jukwaa nikamwambia labda mzee anaumwa. Akasema hapana. Akasema, Babu amepita kwenye ngwe, amekuta magugu."

Basi ndivyo ilivyokuwa, Tupokigwe. Uliielewa miguu ya babu yako kuliko yeye mwenyewe. Watu mia mbili waliona mzee mkorofi, wewe uliona mwenye shamba anakwenda jikoni, ukamngoja. Na yeye alikuwa hatua kumi na tano, kofia iko mkononi tayari, hakufanya kitu kimoja alichokijua duniani kuliko vyote. Si kwamba hukuelewa. Ungekuwa hukuelewa ingekuwa nafuu.

Babu yako alikatiza uani, akapita katikati ya watu waliosimama, akaingia jikoni.

Mama yako alikuwa anakwangua ukoko, amempa mgongo. "Chakula kiko nje, Baba," akasema bila kugeuka.

"Sikufuata chakula. Nataka kukwambia habari za Mlowo."

Kijiko kikasimama. "Leo?"

"Leo. Nimechelewa, najua."

Akamwambia yote. Sauti, migongo, miguu, lami, mama wa mahindi, gogo. Akamwambia na aliyoyasema Amoni, hakuficha hata hilo. Mama yako alisikiliza akiangalia sufuria.

"Miguu ilinyanyuka yenyewe," akasema.

"Yenyewe."

"Na kurudi je? Miguu ilikataa?"

"Kurudi nilikataa mimi," alisema babu yako. "Niliona haya."

"Uliona haya kwa watu wa Mlowo. Ambao hata jina lako hawalijui."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu amekufa anadhani kazi yake mbaya, kwa sababu wewe uliona haya."

"Ndiyo."

Nje Nesta anasikika anamzuia mtu asifunue sufuria. Mama yako alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akaacha masizi shavuni. Hatutaandika hapa kwamba alimsamehe babu yako, maana hakulisema neno hilo, na babu yako hakumwomba aliseme. Aliuliza kitu kingine.

"Uliisikia ile kazi, Baba. Mimi nilikuwa sokoni siku ile, sikuisikia. Ilikuwaje?"

"Ilikuwa safi," alisema babu yako. "Mama yako mwenyewe, siku yake nzuri kuliko zote, alikuwa haifikishi pale. Hapakuwa na gugu hata moja."

"Kawaambie."

"Akina nani?"

"Wote waliosimama pale. Uliona haya mbele ya watu, kasemee mbele ya watu. Sema nisikie."

Babu yako akatoka. Mama yako nyuma yake. Watu wakatulia, hata mzee Emanueli akaacha kuangalia masufuria. Na babu yako aliwaambia haya, na tunayaandika hapa ili na waliokuwepo Mlowo siku ile wayasome, na yule mama wa mahindi kama yupo. Kwamba mzee aliyetoka ukumbini hakumkataa mjukuu wake. Kwamba alitoka kwa mazoea na akabaki nje kwa aibu, na aibu ile ilikuwa yake peke yake. Kwamba Tupokigwe alifanya kazi ya bibi yake kwa ukamilifu, na mwenye shamba alikuwa ameridhika, na hakusema. Kwamba amechelewa kusema. Sauti ilimkatikia mara mbili. Hakukaa chini wala hakukimbilia bandani, ingawa miguu ilitaka.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyeanzisha wimbo. Hatukuwa na wa kuuongoza. Sote tulikuwa tunasikia kwamba wewe haupo.

Tunakukumbuka, Tupokigwe, na hatutaacha kukukumbuka maadamu tunapumua. Na wanaokukumbuka ni hawa, tunawataja kwa jinsi walivyokaa siku hiyo.

Mama yako Getruda alikaa wa kwanza, kwenye mkeka wa katikati, masizi bado yako shavuni. Alipokaa yeye, mzee Emanueli akasema Bwana asifiwe, akakaa kabla sauti haijaisha, na Nesta akamkalia jirani ili amchunge asichukue mapaja yote. Mjomba wako Clever na mkewe Fides wakakaa na watoto wao. Dada zako wa upande wa Nesta, Irene na Rosemary, wakapita na maji ya kunawa, halafu nao wakakaa. Amoni alitaka kukaa peke yake kule ukutani, tukamwita, akaja. Madereva wanne wa Nakonde walikaa kwenye benchi la kanisa kwa sababu wamezoea viti.

Babu yako Sadock alibaki amesimama, hajui aende wapi. Mama yako akasogea kidogo kwenye mkeka, akavuta sahani moja kubwa, ya watu wawili, akaiweka katikati.

"Kaa, Baba," akasema. "Wali umeshapoa."

Akakaa. Tukanawa, tukala.